Shoka Lisilo na Mhuri

Weka juu ya meza moja shoka la meli ya vita ya Ufaransa la karne ya 19 na kishoka cha mrina asali wa Inyonga, Katavi, kisha mwite mtu asiyejua habari zake. Atakuambia la Ufaransa ni silaha na cha Inyonga ni kifaa cha kazi. Mimi ningepanga karibu kinyume chake. Si ubishi wa bure: upangaji huo wa harakaharaka ndio mzizi wa makosa mengi ya wakusanyaji wa silaha za kale wanapofika upande wetu wa Ziwa Tanganyika.

Tuanze na la bahari. Katika karne ya 18 na ya 19 meli za kivita za Ulaya na Marekani zilibeba mashoka mafupi ya kurukia meli. Upande mmoja ni bapa la kukatia, upande wa pili ncha ndefu ya chuma, na kwenye mashoka ya Kifaransa ncha hiyo imepindwa kuelekea chini. Jina lake linamfanya msikiaji aone wanaume wakirukia sitaha ya adui na kupasua mafuvu. Wapo waliofanya hivyo. Lakini kila kundi la watu wa mzinga lilikuwa na wenzao waliopangiwa shoka, na vita vilipochacha kazi yao kubwa ilikuwa kamba na moto. Walikata henza za adui ili tanga liporomoke. Walikata kamba zao wenyewe pale mlingoti uliovunjika ulipoangukia majini na kuanza kuivuta meli upande. Walivuta mbao zinazoungua na kuzitupa baharini, na walichimbua tufe la mzinga lililopashwa moto likanasa kwenye ubavu wa meli. Mashoka ya Marekani yana meno yaliyochongwa upande wa chini wa bapa. Meno hayo hayana faida yoyote kwenye shingo ya mtu. Kazi yake ni kunasa kamba na mabaki yanayowaka yasiteleze yanapoburutwa.

Kishoka cha bara kina historia nyingine. Katika nchi hii kati ya Mto Ugalla na ziwa, kwa Wakonongo, Wabende, Wapimbwe na majirani zao Wafipa, mwanamume alitembea na kishoka begani, na mashambani bado utamkuta hivyo. Kwa kishoka alibandua gome la mti wa miombo kutengeneza mzinga wa nyuki, alipasua shina lenye asali, alifungua njia, alichonga mpini wa jembe. Vita vilipofika, hakwenda stoo kuchukua kingine. Vilifika mara nyingi. Juni 1880, kwa mfano, huko Mpimbwe waliuawa Frederick Carter na Cadenhead, Wazungu wawili waliotumwa na chama cha Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Wapiganaji wa siku zile, warugaruga wa mtemi Mirambo na wa watemi wenzake, walikuwa na magobori na mikuki, na wengi hawakuacha kishoka nyuma. Kwa hiyo chuma kilekile kilikuwa kifaa asubuhi na silaha jioni. Baharini shoka la vita lilitengwa, likahesabiwa, likafungiwa, na bado likaishia kufanya kazi ya fundi.

Lililo muhimu zaidi kwa mtu anayetaka kulitambua shoka ni pale chuma kinapokutana na mti. Hapo mapokeo haya mawili yametoa majibu tofauti kwa swali moja: utafanyaje ili kichwa kisichomoke mkononi mwa mtu anayepiga kwa nguvu zake zote?

Mzungu alitoboa chuma. Shoka lake lina tundu, mpini unaingia humo, kisha kabari inapigwa kwa juu ili mti utanuke. Udhaifu wa njia hii kila mkata kuni anaujua: mti ukikauka unasinyaa, kichwa kinaanza kucheza, na siku moja kinaruka. Melini, mahali penye watu waliobanana ubavu kwa ubavu, kichwa kinachoruka ni balaa. Ndiyo maana mashoka mengi ya kurukia meli yana ndimi mbili za chuma zinazoshuka toka kichwani na kulala ubavuni mwa mpini, zimepigiliwa misumari. Ndimi hizo zinafanya kazi mbili, kushikilia kichwa na kuulinda mpini usikatwe na upanga wa adui. Mengine yana pia kulabu ya chuma ya kutundikia kwenye mkanda, kwa sababu mtu anayepanda ubavu wa meli anahitaji mikono yote.

Mhunzi wa huku hakutoboa chuma, alitoboa mti. Shoka lake lina mkia. Bapa linaanza pana kwenye makali, linapungua kuelekea nyuma na kuishia kwa mkia uliochongoka. Mpini unachaguliwa penye kifundo, mara nyingi pale shina linapoungana na mzizi, ili kichwa chake kiwe kinene na nyuzi za mti ziwe zimesokotana, zisipasuke kirahisi. Mkia unapashwa moto hadi uwe mwekundu, unachomekwa kwenye kifundo, moshi unatoka, unachomolewa, unapashwa tena, hadi tundu linapenya. Mti ulioungua ndani ya tundu unakuwa mgumu. Baada ya hapo kila pigo linausukuma mkia ndani zaidi. Shoka la tundu linalegea kwa kutumiwa, na la mkia linakaza kwa kutumiwa. Mwenye nalo akitaka kugeuza kazi, analichomoa bapa, analizungusha na kulichomeka upande, na sasa ana tezo ya kuchongea mtumbwi. Sijaona shoka la jeshi lolote la majini linaloweza hilo.

Nimekaa kwenye kiungo hiki kwa makusudi, kwa kuwa ndicho ushahidi usiodanganya. Bapa linaweza kufuliwa upya, mpini unaweza kubadilishwa mara kadhaa katika maisha ya mtu mmoja. Lakini namna ya kuunga inabaki, na inakuambia mara moja umesimama katika mapokeo gani.

Chuma chenyewe nacho kinasema. Kusini kwetu, Ufipa, bado yamesimama malungu, yale matanuri ya udongo yenye urefu wa karibu mita 3, yaliyoyeyusha mawe ya chuma bila mivukuto. Hewa iliingia yenyewe kupitia matundu ya chini na kuvutwa juu na joto. Bonge lililotoka humo lilisafishwa katika tanuri dogo, kintengwe, na hapo mivukuto ilitumika. Bertram Mapunda, mwanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyechimba Nkasi na mwambao wa ziwa, alionyesha kwamba malungu hayakuwa peke yake: katika eneo hilohilo kulikuwa na namna tatu za kuyeyusha, malungu, katukutu na ile ya Barongo. Jembe la bei nafuu la kiwandani ndilo lililozima moto huo wakati wa ukoloni. Chuma cha tanuri la udongo kina mistari ya taka ndani yake, na kutu ikikila kwa miaka mingi inafuata mistari hiyo, hivyo uso wa bapa unaonekana kama una nyuzi. Kishoka kinachouzwa leo kimefuliwa kwa springi ya lori. Unene wake ni sawa toka mwanzo hadi mwisho, kutu yake ni ya madoa, na pengine nusu ya tundu la boliti ya katikati imebaki pembeni, fundi hakujisumbua kuifuta. Huyo ni mtoto wa juzi hata kama amefukiwa jikoni akala moshi hadi akawa mweusi.

Sasa mhuri. Shoka la meli ya vita ni mali ya serikali, na serikali ina stoo, ina mtunza stoo, na mtunza stoo ana daftari. Kwa hiyo chuma kinapigwa alama. Waingereza walipiga mshale mpana. Wafaransa walipiga nanga. Vifaa vya Waingereza vilipouzwa raia, mshale wa pili ulipigwa ukitazamana na wa kwanza, ili mnunuzi asikamatwe kwa wizi. Mkusanyaji wa London au Marseille anaanza na alama hizo, na ana haki. Akiwa mjuzi, anaziangalia kwa kioo cha kukuzia, maana nakala mpya zimejaa sokoni. Alama ya kweli imezeeka pamoja na uso wake. Kingo zake zimelika sawa na kingo za bapa. Alama iliyopigwa jana juu ya chuma kilicholiwa na kutu imekata katikati ya vishimo vya kutu, na chini yake ni pasafi. Anajua pia kwamba mashoka ya zimamoto ya karne ya 19 yanafanana sana na ya meli, yana ncha, yana ndimi, na wauzaji hawachelewi kuyabatiza upya, kwa sababu la zimamoto bei yake haifiki mbali.

Kishoka cha huku hakina mhuri kwa sababu hakikuwa na stoo. Aliyekifua alijulikana, aliyekinunua alijulikana, na jamii nyingi za magharibi mwa Tanzania zilikabidhi upinde, mkuki na zana za marehemu kwa mrithi wake mbele ya watu. Hao watu ndio waliokuwa daftari. Kama kuna tofauti kati ya mapokeo haya mawili inayostahili kubishaniwa, basi ni hii, wala si ya ustadi wa kufua. Jeshi la majini liliweka habari za shoka ndani ya chuma. Nchi yetu iliziweka ndani ya watu. Kila njia ina namna yake ya kuharibika. Mhuri unaghushiwa. Watu wanatenganishwa na shoka.

Mpanda, hapa Katavi, ni mahali pazuri pa kuona jinsi wanavyotenganishwa. Mji huu ulikuzwa na mgodi wa madini ya risasi na reli ya kutoka Kaliua iliyofika mwaka 1950, na wachimbaji walitoka kila upande na vitu vyao. Baada ya 1972 waliingia wakimbizi wa Burundi. Makazi ya Katumba na Mishamo yakawa miongoni mwa makubwa kabisa nchini, na baadaye wengi wao walipewa uraia wa Tanzania. Wafugaji wa Kisukuma wamehamia na ng'ombe wao. Karema na Ikola, kando ya ziwa, zinapokea watu wa Kongo. Ukinunua kishoka cha zamani kwa muuza vyuma chakavu wa Mpanda, basi, neno "Mpanda" kwenye lebo yako halikuambii chochote isipokuwa mahali ulipotolea pesa. Kinaweza kuwa cha Mfipa, cha Mha, cha Mrundi, cha Mtabwa aliyevuka maji. Kwa shoka la Kifaransa mahali pa kununulia si hoja, nanga ipo palepale hata ukilipata Mpanda.

Na yawezekana kabisa mtu akakuletea shoka la tundu kutoka mwambaoni akasema ni la meli ya Mjerumani. Hadithi hiyo ina mvuto kwa kuwa vita vya meli vilipiganwa kweli katika ziwa hili. Tarehe 26 Desemba 1915 boti mbili ndogo za Waingereza zilizoitwa Mimi na Toutou, zilizovutwa nchi kavu kupitia Kongo chini ya Geoffrey Spicer-Simson, ziliikamata meli ya Wajerumani, Kingani, ambayo ikapewa jina la Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 meli yao nyingine, Hedwig von Wissmann, ilizamishwa. Graf von Goetzen, iliyotengenezwa Papenburg na kuletwa vipandevipande ndani ya maelfu ya makasha, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na toka 1927 ikaitwa Liemba. Lakini hakuna aliyemrukia mwenzake kwa shoka katika vita hivyo. Mzinga wa sitahani ulimaliza ugomvi kabla watu hawajaonana macho. Graf von Goetzen ilipachikwa mzinga wa milimita 105 uliotoka kwenye manowari Königsberg, ileile iliyoishia delta ya Rufiji. Kwa hiyo shoka la meli kutoka ziwani, kama ni la meli kweli, ni la zimamoto au la seremala wa meli. Linastahili kuhifadhiwa kwa jina hilo. Kulipandisha cheo ni kulidanganya.

Pwani nako, mkusanyaji anayetafuta shoka la kurukia meli katika doria za Waingereza dhidi ya biashara ya utumwa atatafuta sana. Wanamaji wa HMS London, iliyotia nanga Zanzibar kama kituo cha doria hizo, walirukia majahazi kwa upanga mfupi wa kibaharia, bastola na bunduki. Sababu, nadhani, iko katika jahazi lenyewe. Meli ya Ulaya ilikuwa na mamia ya kamba za kukatwa; jahazi lina tanga moja kubwa, foromali, henza, demani, na ubavu mfupi ambao mtu anaupanda kwa mguu. Shoka lilikosa kazi. Tena, kisa kinachojulikana zaidi cha kurukia chombo katika maji yetu kilikwenda kinyume na vitabu vya manowari. Tarehe 3 Desemba 1881 Kapteni Charles Brownrigg wa HMS London, akiwa kwenye mashua ya mvuke karibu na Pemba, alilisogelea jahazi lililopeperusha bendera ya Ufaransa. Kwa bendera ile alichoweza kufanya ni kuhakiki hati tu, na watu wake hawakujiandaa kwa mapigano. Waliokuwa jahazini walifyatua bunduki, kisha wao ndio waliorukia mashua ya Mwingereza. Brownrigg aliuawa. Katika jahazi lolote la siku zile kulikuwa na tezo na shoka la fundi, na baharia aliyeshikwa na hasira hakuuliza kama kifaa kile kimesajiliwa kuwa silaha. Sijawahi kuona orodha ya silaha za pwani inayovitaja.

Kuna mapokeo mengine mawili ninayotaka kuyagusa, kwa kuwa yanavuruga mgawanyo wa kifaa na silaha kabisa. La kwanza ni la Wasongye wa Kongo, ambao baadhi ya mashoka yao yana bapa lililotobolewatobolewa kwa ustadi, na nyuso ndogo za watu zimefuliwa kwenye vijiti vya chuma vya katikati. Mpini umefunikwa kwa bati la shaba. Bapa kama hilo halikati mti wala mtu. Ni la kushikwa na mwenye hadhi mbele ya watu. Wauzaji wa Ulaya wameyauza mengi kama mashoka ya vita, kwa hesabu ileile ya wauza mashoka ya zimamoto, kwamba damu inapandisha bei.

La pili liko Musandam, rasi ya Omani inayochungulia mlango wa Hormuz. Wanaume wa Washihuh huko hawatambulikani kwa jambia kiunoni, tofauti na Waomani wengine waliotuletea jambia hadi Zanzibar na Mombasa. Wao hutembea na jirz, fimbo ndefu yenye kishoka kidogo sana kichwani, mara nyingine kimenakshiwa. Kinawasaidia kupanda miamba, kinafukuza nyoka, kinatumika ngomani, na kinamtaja mwenye nacho kabla hajafungua mdomo. Hapo kuna watu wa bahari ambao shoka lao ni la mlimani, na mzee wa Katavi mwenye kishoka begani angewaelewa upesi kuliko ofisa yeyote wa manowari.

Lakini mkusanyiko mkubwa unaotugusa moja kwa moja haukuanzia sokoni. Ulianzia Karema. Mwaka 1879 Kapteni Cambier wa Ubelgiji aliweka kituo hapo kwa jina la chama cha Leopold, na mwaka 1882 akaja Luteni Émile Storms kukiongoza. Mwaka uliofuata alivuka ziwa na kujenga kituo cha pili, Mpala, upande ambao leo ni Kongo. Watu walimwita Bwana Boma. Desemba 1884 aliwatuma wapiganaji wake dhidi ya Lusinga, mtemi wa Watabwa aliyekuwa mshindani wake. Lusinga aliuawa, kichwa chake kikapelekwa kwa Storms, na sanamu ya ukoo wake ikabebwa. Mwaka 1885 kituo cha Karema kilikabidhiwa kwa Mapadri Weupe, na Storms akarudi kwao na mizigo yake. Picha ya sebule yake mjini Brussels inaonyesha sanamu na silaha zimepangwa ukutani kwa mtindo uliopendwa na maofisa wa wakati ule. Baada ya kifo chake mjane wake aliutoa mkusanyiko kwa makumbusho ya Tervuren. Fuvu la Lusinga limehifadhiwa katika taasisi ya sayansi asilia ya Brussels. Sanamu ya Storms mwenyewe, iliyokuwa katika bustani ya Ixelles, iliondolewa mwaka 2022.

Tazama alichofanya ukutani pale. Aliondoa kila kishoka kwa watu waliokuwa daftari lake, kisha akakipanga kwa umbo. Huo ni mpangilio wa chumba cha silaha cha manowari: mashoka pamoja, mikuki pamoja, idadi kamili. Kwa mali ya jeshi la majini mpangilio huo haupotezi kitu, kwa kuwa nanga na mshale vimebaki juu ya chuma. Kwa vya kwetu unapoteza karibu kila kitu. Kishoka cha mrina asali kilichonunuliwa kwa shanga na kile kilichotoka kwenye mkono wa mtu aliyeuawa vinaning'inia kwenye msumari mmoja, na hakuna alama juu ya chuma inayovitenganisha.

Sheria yetu nayo imeandikwa kwa jicho la mhuri, jambo ambalo linanichekesha na kunisikitisha kwa pamoja. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakihesabu kitu kilichotengenezwa na binadamu kabla ya 1863 kuwa masalia ya kale, na inavitambua kando vitu vya utamaduni vya baada ya hapo. Mpaka wa tarehe unafaa kwa kitu kilichochongwa mwaka wake juu yake. Mhunzi wa Ufipa alifua umbo lilelile kabla ya 1863 na baada yake. Afisa utamaduni wa wilaya atakayeletewa kishoka hawezi kuisoma tarehe popote. Itabidi aulize kilikuwa cha nani, na nani alimwachia nani. Angalau sheria imeweka wazi kwamba vitu hivi havitoki nchini bila kibali, na mnunuzi anayekufichia hilo ni wa kuogopwa kuliko anayekupunja bei.

Kwa anayekusanya kwa nia njema hapa Katavi, kazi yenyewe si ngumu, ni ya kuchosha tu. Usisafishe kutu kwa brashi ya waya. Utafuta zile nyuzi za chuma cha malungu ambazo zingekupa umri. Usipake vanishi. Piga picha ya kiungo toka pande zote, pamoja na ncha ya mkia inapochungulia nyuma ya kifundo. Pima urefu wa bapa na upana wa makali, kwa kuwa shoka lililonolewa miaka 40 si saizi lililozaliwa nayo. Kisha kaa chini na mwenye nacho, umwamkie vizuri, umsikilize hata akianza mbali, uandike jina la mhunzi, jina la kijiji, ukoo, lugha aliyotumia kukitaja, na kazi ya mwisho kiliyoifanya. Akikataa kukiuza, andika hivyohivyo. Maandishi hayo yana thamani kuliko chuma, na hayahitaji kibali cha mtu yeyote ila cha mwenye kishoka.

Kwa wale wanaofuatilia vilivyokwisha kuondoka, kuna jambo la kisheria linalofaa kujulikana Karema. Mwaka 2022 Ubelgiji ilipitisha sheria ya kurudisha mali iliyochukuliwa enzi za ukoloni wake, na sheria hiyo inahusu Kongo, Rwanda na Burundi. Tanzania haimo. Lakini Storms aliishi kwanza upande wetu wa ziwa, kisha akavuka, na alikusanya katika nchi ambayo watu, wahunzi na mitumbwi vilivuka kila siku. Kishoka kilichotoka Karema kikiwa kimeandikwa "Tanganyika" tu hakiwezi kudaiwa na Kongo kwa haki, wala Tanzania haina mlango wa kukidai katika sheria hiyo. Ukikichunguza kwa jicho langu, ukatazama mkia wake, kifundo chake na nyuzi za chuma chake, utapata jibu lilelile kwa pande zote mbili za maji, kwa sababu Mtabwa na Mfipa waliunga chuma na mti kwa namna moja.